Mbao Iliyopinda Juu ya Lango

Mama Mbao hakuyaamini macho yake mwenyewe, sembuse maneno ya muuzaji. Akiletewa mbao aliinama, akaiwekea shavu kama mama anayepima homa ya mtoto, akatulia kidogo, kisha akatoa hukumu. Mbao ya baridi ilikuwa mbichi, maji bado yamo ndani hata kama nje imepauka. Mbao ya vuguvugu ilikuwa tayari. Katikati hapakuwa na kitu. Mchuuzi aliyejaribu kumbembeleza alionyeshwa barabara.

Yadi yake ilikuwa Sironga, huku milimani kwa Wakisii, imeshikana ukuta na duka langu la misumari na rangi. Kwa miaka mingi nilimwona kila siku isipokuwa Sabato, na siku hiyo pia nilimwona, kanisani. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka. Kiti cha wageni kilikuwepo yadini, lakini yeye sikumwona akikikalia.

Aliuza mbao za boti. Mgeni akisikia hivyo hucheka, maana Sironga hakuna hata bwawa la kumzamisha bata. Huku kwetu ni majani chai, migomba na milima. Lakini boti nyingi zinazotuletea omena na ngege zilianza zikiwa miti mashambani mwetu. Lori hupanda na samaki, hushuka na mbao. Mama Mbao aliuza saiprasi kwa ajili ya ubavu wa boti, na kwa ajili ya mataruma, zile mbavu za ndani, aliuza mti ambao watu wa ziwani huuita siala. Mingine aliinunua kwa wakulima, mingine aliipanda mwenyewe kwenye shamba lake la mteremkoni, na kila aliokata aliufidia kwa miche miwili kabla kisiki hakijakauka.

Kazi yake ilikuwa ya polepole mno. Mbao zilipotoka kwenye msumeno alizipanga chini ya mabati, moja juu ya nyingine, na kati ya kila mbili akalaza vijiti ili upepo upite. Ncha alizipaka kinyesi cha ng'ombe zisipasuke. Kisha alizisahau, au alijifanya kuzisahau, mvua za masika zikapita, za vuli zikapita, na wateja wakamsihi mpaka wakachoka. Haikumsumbua. Alisema mbao haiwezi kuharakishwa, inaweza kudanganywa tu.

Juu ya lango la yadi hiyo ilipigiliwa mbao moja. Ilikuwa nyeusi, imepinda kama mgongo wa paka aliyeona mbwa, na matundu ya misumari yalionekana pembeni. Haikuwa na maandishi. Ililitazama lango la pili, ng'ambo ya barabara, ambako palikuwa na yadi nyingine ya mbao, kubwa kuliko yake mara kadhaa. Mama Mbao sikumsikia akimtaja mwenye yadi hiyo kwa jina. Alimwita Yule wa Ng'ambo, nami nitamwita hivyo.

Habari ya mbao ile niliipata kwa watu wawili. Kipande kimoja alinipa yeye mwenyewe, kingine fundi wa boti kutoka ziwani aliyekuwa mteja wake wa kwanza na wa kudumu. Nimevilinganisha, havipingani.

Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Alizikusanya soko la Birongo na vijijini, akazishusha hadi ziwani na kuzivusha visiwani, ambako mkungu wa Kisii hugombaniwa. Alichoka kukodi boti za watu. Akaamua kuunda yake, na kwa sababu alikuwa mtu wa kujivunia kwao, akataka mbao za nyumbani. Alizinunua kwa jirani waliyeimba naye kwaya moja, yaani Yule wa Ng'ambo. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, akaambiwa ni saiprasi ya zamani iliyokaa ghalani.

Zilikuwa blugamu, yaani mkaratusi, iliyokatwa juzi, ikapakwa oili chafu ya magari.

Fundi wa boti alizitilia shaka kwa sababu ya uzito. Alimwambia mume wa Mama Mbao kwamba mbao hizi zinamchosha mgongo, na mbao kavu haimchoshi mtu hivyo. Na hapo ndipo mume huyo alipokosea kosa ambalo ni mtu wa milimani tu angelikosea. Huku kwetu kitu kizito ndicho kitu imara. Mlango mzito, jembe zito, ng'ombe mzito. Alicheka, akampigapiga fundi begani na kumwambia boti ikiwa nzito kama nyumba hakuna wimbi litakaloipindua.

Boti ilipomalizika ilikaa mchangani wakati wa kiangazi, ikisubiri mavuno ya ndizi. Mbao zilikauka zikiwa tayari zimepigiliwa misumari. Zikanywea, zikajipinda, maungio yakaachana chini ya rangi mpya pasipo mtu kuona. Safari ya kwanza yenye mzigo ilifika katikati ya maji tu. Waliokuwa ufuoni wanasema waliona mikungu mibichi ikielea kuja nchi kavu, mingi, kijani kibichi, wakajua ni boti ya nani. Mabaharia wawili waliokolewa. Mwenye ndizi hakujua kuogelea, na hakupatikana. Mpaka leo hana kaburi.

Fundi aliokota mbao moja iliyoletwa na maji. Akaipandisha Sironga kwenye lori la samaki, akaiweka miguuni pa mjane, akasema hana cha kuongeza.

Wazee walikaa. Mama Mbao hakudai ng'ombe wala shamba. Alitaka Yule wa Ng'ambo aseme neno moja mbele ya watu: kwamba mbao zilikuwa mbichi. Yule bwana alisimama, akavua kofia, akasema kwa huzuni nyingi kwamba mbao zake zilikuwa kavu na kwamba ziwa ndilo lililomchukua ndugu yake. "Ziwa halina kesi," alisema. Wazee wakakubaliana naye, maana hakuna mmoja wao aliyewahi kuunda boti.

Hapo ndipo biashara ya Mama Mbao ilipoanzia. Alikuwa hajawahi kuuza hata kuni. Aliomba kujifunza kwa fundi yule yule wa ziwani, akajifunza kukausha, kupanga, kuwekea shavu. Alinieleza hesabu yake waziwazi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Boti ya mbao mbichi huoza baada ya misimu michache, mwenyewe akarudi kununua nyingine. Boti ya mbao kavu hukaa mpaka mwenyewe azeeke. Yule wa Ng'ambo alikuwa anakula kwa sababu boti zinaoza. "Nikiuza inayokaa," aliniambia, "kila boti yangu ni mlo anaoukosa yeye."

Alisema hivyo akitabasamu. Tabasamu lake halikuwa la kumtuliza mtu.

Fundi wa boti alikuja karibu kila mwezi, na kelele zake zilinifikia dukani kabla hajafika. Walitaniana kama mashemeji, na ndivyo walivyoitana.

"Shemeji," alimwambia siku moja akipakia, "mbao zako zinakaa kuliko ndoa za kwetu."

"Ndoa zenu mnaziunda mbichi."

"Na zenu?"

"Yangu ilikuwa kavu kabisa," Mama Mbao akasema. "Iliharibiwa na mbao." Fundi akafunga kamba. Utani wake naye ulikuwa na ukingo, na ukingoni palikuwa na maji.

Samaki wa ziwa hakula. Fundi alimletea ngege wakubwa kama zawadi, naye alishukuru na kunikabidhi mimi ukutani. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini. Alisema hajui wamekula nini. Tangu siku hiyo niliwapokea bila swali, na kusema kweli niliwala bila hamu.

Kanisani alikaa nyuma ya Yule wa Ng'ambo. Safu ya pili kutoka mbele ndipo alipokaa mzee huyo. Mama Mbao alikaa safu ya tatu, mkabala na kisogo chake, akikitazama kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka. Hakukohoa. Yule bwana alipohamia safu ya tano, Sabato iliyofuata Mama Mbao alikuwa ya sita. Alipohamia karibu na mlango, Mama Mbao alisimama nje ya mlango akidai mgongo unamuuma na hawezi kuketi. Mchungaji alihubiri juu ya msamaha mara nyingi mwaka ule, nasi sote tulijua anamhubiria nani. Yeye aliitikia amina kwa sauti.

Alichukia oili chafu kuliko kitu chochote chenye umbo. Dereva aliyemwaga tone yadini alilifukia mwenyewe kwa jembe. Aliwaambia mafundi wa ziwani kwamba oili waipakayo kwenye boti inaingia majini, kwenye samaki, kisha mdomoni mwa watoto wao, na alisema kweli. Wengine waliacha, wakarudi kwenye mafuta ya papa na rangi. Lakini mimi nilimwona akizungumza, na nilimwona alikokuwa akitazama. Alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara.

Kisha kulikuwa na suala la mto. Chini ya yadi zile mbili kuna kijito, na Yule wa Ng'ambo alikuwa amepanda blugamu kingo zote, maana hukua haraka kandokando ya maji. Kijito kilipungua mpaka kina mama wakaanza kuamka alfajiri kugombania kibuyu cha maji. Kila mtu alilalamika, hakuna aliyesema, kwa kuwa yule bwana aliwakopesha wengi na kuwaajiri waliobaki. Mama Mbao alikwenda kwenye baraza la chifu. Alikwenda tena baraza lililofuata, na lililofuata, mpaka chifu akikohoa tu watu wakawa wanajua ni yeye anayefuata kuongea. Mwishowe blugamu zote za ukingoni zikakatwa. Alisimama juu ya mteremko mchana kutwa akitazama pawasoo, misumeno ya injini, zikifanya kazi, na kila mti ulipoanguka alisema "eeh" taratibu, kama mtu anayehesabu kuku wanaoingia bandani.

Maji yalirudi. Haikuwa mara moja, lakini yalirudi. Kina mama walimletea maziwa ya mgando na unga wa wimbi kumshukuru. Alipokea, akawaambia waziwazi kwamba hakwenda kwa sababu ya maji.

"Kwa sababu ya nini basi, omong'ina?" mmoja akauliza, akimwita mama mzee kwa Kikisii.

"Yeye alikuwa anategemea hiyo miti kusomesha watoto wake chuo."

Yule mama alicheka, akidhani ni mzaha. Mama Mbao hakucheka naye. Watoto hao walikatisha masomo, nami nilimwona mmoja wao, kijana mkubwa, akirudi nyumbani na sanduku la bati kichwani. Nilitegemea kumwona Mama Mbao akiona haya kidogo. Alikuwa akipanga vijiti.

Mwaka mmoja alialikwa Kisii mjini, kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo wa ziwani. Walikuwepo wachuuzi wa samaki, waunda boti, washona nyavu, wauza barafu, na mada ilikuwa jinsi ya kufanya biashara bila kuumaliza ukoo wa samaki wala misitu. Alinichukua kama msaidizi kwa sababu Kiswahili cha kwenye vikao kilimchosha, ingawa nilipofika niligundua alitaka tu mtu wa kumshikia kofia. Walimsifu sana. Mwanamke wa milimani anayepanda miti miwili anapokata mmoja, asiyetumia oili, ambaye boti zake hazirudi ovyo msituni kudai mbao nyingine. Mwendeshaji wa semina, binti mchangamfu, akamuuliza mbele ya ukumbi ni nini kilichomsukuma kuyapenda mazingira.

"Ni mtu mmoja," Mama Mbao akasema.

Ukumbi ukapiga makofi. Walikuwa wamekwisha kusimuliwa habari za mumewe. Yeye akasubiri makofi yaishe, akainamisha kichwa kwa adabu, akaketi. Ukiacha kanisani, hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona ameketi. Njiani kurudi nilimwambia watu wale wamemwelewa vibaya. Alisema hakuna aliyemuuliza ni mtu gani. Cheti walichompa alikifanya kifuniko cha ndoo ya miche, na kilifaa.

Sasa niseme juu ya siku ambayo Yule wa Ng'ambo alivuka barabara.

Kufikia wakati huo yadi yake ilikuwa imeota nyasi. Mafundi wa ziwani walishuka lorini upande huu, hawakugeuza hata shingo. Alikuwa mgonjwa pia, amekonda, suti ya Sabato inamning'inia. Alikuja asubuhi, soko likiwa limechangamka, akapita chini ya mbao iliyopinda bila kuinua macho. Alikuwa amebakiwa na mteja mmoja wa zamani, wa mwisho, aliyekuwa tayari kununua kwake kwa ajili ya urafiki, ila ametaka mbao kavu. Alitaka Mama Mbao amuuzie, naye akamuuzie yule.

Niliacha mizani ya misumari nikasogea ukutani. Wapakiaji walisimama. Fundi wa boti alikuwepo.

"Nitakuuzia, omogaka," Mama Mbao akasema, akimwita mzee kwa heshima. Alikuwa mtulivu kabisa. "Chagua uzitakazo. Sema kwanza hapa, hawa wakisikia, kwamba zile zilikuwa mbichi."

Yule bwana alisimama akishika fimbo. Kwa muda mfupi nilidhani atasema. Mama Mbao naye alidhani hivyo, maana alikuwa ameinua mkono kuzuia wapakiaji wasifanye kelele.

"Omong'ina," akasema, "ziwa halina kesi."

Akageuka, akavuka barabara polepole, na bodaboda zikamsimamia apite. Mama Mbao alibaki na mkono juu. Alipoushusha alimwambia fundi waendelee kupakia. Siku hiyo alipima kila mbao mara mbili.

Yule wa Ng'ambo alifariki miezi michache baadaye. Siku mbili kabla ya mazishi, mwanawe, yule wa sanduku la bati, alivuka barabara akifuatana na seremala. Yadi ilikuwa na watu, kama kawaida ya msimu. Kijana alimwamkia kwa heshima, akamwita mama, akasema wamekuja kutafuta mbao za sanduku la baba.

Mama Mbao alimuuliza kwa nini. Ng'ambo kuna mbao tele.

Kijana akatazama chini. "Baba aliagiza mwenyewe," akasema. "Alisema tusimzike na mbao zetu. Alisema zitapinda."

Mama Mbao akamsogelea.

"Rudia, mwanangu. Hawa wa nyuma hawakusikia."

Kijana akarudia. Fundi wa boti aliitoa kofia yake akaishika kifuani. Mimi nilifikiri yamekwisha. Neno alilolingoja limekuja, kwa kuchelewa na kwa mdomo wa mwingine, lakini limekuja mbele ya watu. Nilitazamia alie, au amkumbatie kijana. Mchungaji, alipolisimulia jambo hili siku ya mazishi, aliishia hapo hapo, akasema tazameni msamaha.

Mchungaji hakuwepo yadini. Mama Mbao alikwenda kwenye safu ya saiprasi ya zamani kuliko zote, akachagua mbao za ubavuni na za mfuniko, akaiwekea shavu kila moja, akamuuzia kijana kwa bei ile ile anayouzia kila mtu. Kisha akaomba ngazi na mtaimbo wa kung'olea misumari. Akapanda mwenyewe, akaing'oa ile mbao ya langoni, akashuka nayo mabegani.

"Hizo nimekuuzia," akasema. "Ya chini ya sanduku siuzi, hii ninairudisha. Alimuuzia mume wangu. Mume wangu hakupata sanduku, kwa hiyo mwenye mali aichukue, ailalie."

Seremala alisema haitalala sawa, imepinda, mgongo wa marehemu utakaa vibaya.

"Najua," akasema Mama Mbao.

Kijana aliitazama mbao ile kwa muda. Angeweza kukataa. Akaipokea, akaiweka begani, akavuka nayo barabara. Nilikuwa mmoja wa waliobeba sanduku lile, na naweza kushuhudia kwamba halikulala sawa.

Muda si mrefu baadaye nilihamisha duka langu kwenda Kisii mjini. Nilirudi Sironga mwaka huu kwa harusi ya mpwa wangu, nikapita kumsalimu. Juu ya lango palikuwa na matundu ya misumari tu. Mwenyewe alikuwa shambani mteremkoni, amezeeka, kofia ile ile, anapanda miche ya siala. Mti huo hauwi mbao leo wala kesho, na yeye si mtu wa kuuona ukikatwa. Nikamtania kidogo. Nikamwambia adui yake yuko chini ya ardhi, neno alilolitaka limesemwa, mbao imerudi kwa mwenyewe. Sasa anampandia nani?

Hakuinua kichwa.

"Yule kijana amefungua tena yadi ya baba yake," akasema. "Wiki iliyopita nilivuka kumsalimu. Akanikaribisha vizuri, akanipa soda. Nikainama, nikaiwekea shavu mbao moja."

"Ikawaje?"

"Baridi."

Akashindilia udongo kwa kisigino, akanyoosha mkono nimpe mche mwingine.